Kosa la Poincaré, Kahawa ya Lorenz

Desemba 1889 Gösta Mittag-Leffler alikuwa na kazi ya aibu mjini Stockholm: kuzirudisha mikononi mwake nakala za jarida lake mwenyewe, Acta Mathematica. Baadhi alikuwa ameshazipeleka kwa wanahisabati wakubwa wa Ulaya, na sasa ikambidi awaandikie mmoja mmoja, kwa maneno ya adabu yasiyofafanua mengi, awaombe wazirejeshe. Jarida lilibeba insha iliyoshinda tuzo ya Mfalme Oscar II wa Sweden na Norway. Mshindi alikuwa Henri Poincaré, Mfaransa wa miaka 35, na insha yake ilikuwa na kosa.

Halikuwa kosa la kujumlisha wala kutoa. Poincaré alikuwa ameamini, kama walivyoamini wenzake wote, kwamba vitu vinavyofuata sheria lazima viende kwa utaratibu.

Imani hiyo ilikuwa na sababu zake. Tangu Isaac Newton atoe sheria ya mvutano mwaka 1687, hesabu za mbinguni zilikuwa zikileta majibu yaliyowashangaza hata waliozikokotoa. Mwaka 1758 Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute walipiga hesabu kwa mkono miezi kadhaa, kutwa nzima, wakati mwingine hata mezani wakila, ili wajue ile nyota yenye mkia ya Halley ingerudi lini. Ilibidi wapime namna Mshtarii na Zohali zilivyokuwa zikiivuta njiani na kuichelewesha. Wakatangaza kwamba italikaribia Jua katikati ya Aprili 1759, na kwamba wanaweza kukosea kwa mwezi mmoja hivi. Ilifika Machi 13. Mwaka 1846 Urbain Le Verrier alikokotoa karatasini mahali palipopaswa kuwa na sayari ambayo hakuna aliyekuwa ameitambua. Johann Galle akaelekeza darubini huko Berlin, na usiku uleule akaiona Neptuni, umbali usiofika digrii moja kutoka pale alipoambiwa atazame.

Kati ya matukio hayo mawili, mwaka 1814, Pierre-Simon Laplace alikuwa ameipeleka imani hiyo hadi ukingoni. Tuseme, aliandika, kuna akili inayojua mahali ilipo kila chembe ya ulimwengu na kila nguvu inayoisukuma, tena yenye uwezo wa kuyakokotoa yote. Akili ya namna hiyo isingefichwa lolote. Jana na kesho zingekuwa wazi mbele yake sawasawa. Kwa Laplace, nasibu haikuwa kitu kilichomo duniani. Ilikuwa upungufu wa elimu yetu tu, na ndiyo maana mtu huyohuyo aliandika vitabu vizito vya hisabati ya uwezekano: ujinga nao, kwa maoni yake, unastahili kupimwa.

Ila palikuwa na jambo moja lililokataa kunyooka. Vitu viwili vinavyovutana angani, Jua na sayari moja, havina shida, Newton alivimaliza. Ukiongeza cha tatu, milinganyo ni ileile lakini jibu halipatikani. Na mfumo wa Jua una zaidi ya vitatu. Je, sayari zitaendelea kuzunguka hivi milele, au siku moja mojawapo itatupwa nje, au zitagongana? Hilo lilikuwa swali la kwanza kati ya manne yaliyotangazwa mwaka 1885 kwa ajili ya tuzo ya mfalme, ambaye angetimiza miaka 60 Januari 1889. Zawadi ilikuwa kronor 2,500 na nishani ya dhahabu. Waamuzi walikuwa watatu: Karl Weierstrass wa Berlin, Charles Hermite wa Paris, na Mittag-Leffler mwenyewe.

Poincaré hakulijibu swali lote. Alichukua hali nyepesi zaidi, ya vitu viwili vikubwa na kimoja kidogo kisichoweza kuvitikisa, kisha akaacha kutafuta njia ya kitu hicho kwa tarakimu na kuanza kuuliza umbo la njia zote zinazowezekana. Waamuzi hawakuifuata kila hatua, lakini walijua wameshika kitu kipya. Akapewa tuzo, na Ufaransa ikamvisha nishani.

Kisha akatokea Lars Edvard Phragmén, kijana wa miaka 25 aliyepewa kazi ya kuipitia insha kabla haijachapishwa. Kiangazi cha 1889 aliona sehemu kadhaa hazieleweki, akauliza. Mittag-Leffler akayapeleka maswali Paris. Poincaré akaandika maelezo marefu ya nyongeza. Katika kuandika huko akagundua kwamba mahali pengine kabisa palikuwa na kosa baya kuliko yote aliyoulizwa. Mwanzoni mwa Desemba alimwandikia Mittag-Leffler akakiri bila kuzunguka. Jarida lilikuwa limeshapigwa chapa. Toleo likaharibiwa, na gharama za kuchapa upya akatozwa Poincaré: kronor 3,585 na öre 63. Tuzo ikawa imemtia hasara ya zaidi ya kronor elfu moja. Nakala moja ya toleo lile la kwanza ilibaki kwa Mittag-Leffler, naye aliandika juu yake kwa mkono kwamba toleo lote liliangamizwa.

Alichokuwa amekosea ni hiki. Katika michoro ya mienendo yote kuna mistari miwili ya pekee: mmoja wa njia zinazokaribia hali fulani ya utulivu, mwingine wa njia zinazoondoka hapo. Poincaré alidhani mistari hiyo ikifuatwa mbali itarudi na kuungana, na hivyo kuuzungushia mwendo ukuta ambao hauwezi kuuruka. Haiungani. Inakatana. Na ikishakatana mara moja inalazimika kukatana tena na tena bila mwisho, kila mmoja ukijikunja ili usijikate wenyewe huku ukiukata mwenzake mara zisizohesabika. Miaka kumi baadaye, katika juzuu ya tatu ya kitabu chake kikubwa cha mekanika ya mbinguni, alilitaja umbo hilo na kusema wazi kwamba hatajaribu hata kulichora. Insha iliyosahihishwa ilitoka 1890, kurasa 270, na kwa mara ya kwanza hisabati ilikuwa imeshika kwa mkono jambo ambalo leo wanasayansi huliita vurugu: sheria kamili, isiyo na chembe ya kubahatisha, inayozaa mwendo usiotabirika.

Nadhani si bure kwamba aliyeliona alikuwa mtu aliyefunzwa uhandisi wa migodi. Mwaka 1879, akiwa mkaguzi kijana huko Vesoul, Poincaré aliteremka kwenye mgodi wa makaa wa Magny muda mfupi baada ya mlipuko ulioua wachimbaji zaidi ya kumi. Alipitia taa za usalama moja moja. Taa namba 476 ilikutwa na tundu dogo la mstatili, sawa na ncha ya sururu. Mchimbaji mmoja alikuwa ameigonga bila kukusudia, pengine bila hata kujua. Hewa ya mgodini ikapita tunduni ikaufikia mwali. Ripoti yake inafuata mkondo wa hewa kutoka tundu hilo hadi miili ilikokutwa.

Mwaka 1908 aliandika kwa ajili ya wasomaji wa kawaida kuhusu nasibu. Sababu ndogo isiyoonekana, alieleza, ikizaa matokeo makubwa tusiyoweza kukosa kuyaona, basi tunasema yametokea kwa bahati. Mfano wake ulikuwa hali ya hewa. Watu huona ni sawa kuomba mvua, lakini hakuna anayeomba Jua lipatwe, kwa nini? Kwa sababu mvua hutegemea vitu vidogo mno. Tofauti ya sehemu ya kumi ya digrii mahali fulani, na kimbunga kinapita hapa badala ya kule. Maneno hayo yalisomwa na wengi, yakapendwa, na wanafizikia wakaenda zao.

Walikuwa na shughuli nyingine. Wakati huohuo nasibu ya aina tofauti kabisa ilikuwa inabisha hodi, na tangu hapo watu huzichanganya hizi mbili, hata wenye elimu.

Mwaka 1902, huko Montreal, Ernest Rutherford na Frederick Soddy walionyesha kwamba elementi zenye mionzi huvunjika kwa kasi maalumu: chukua radiamu yoyote, na baada ya miaka 1,600 hivi nusu yake itakuwa imegeuka kuwa kitu kingine. Nusu ipi? Hakuna ajuaye. Atomu ya radiamu haizeeki. Iliyokaa miaka elfu kumi haina uwezekano mkubwa zaidi wa kuvunjika leo kuliko iliyozaliwa jana.

Kama hilo ni kweli, basi milipuko ya atomu lazima ifuate hesabu za kamari, na hilo linapimika. Mwaka 1910, Manchester, Rutherford na Hans Geiger walikaa gizani wakitazama kwa hadubini kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki, kinachometa kila kinapopigwa na chembe itokayo kwenye poloniamu. Walihesabu mimeto katika vipindi 2,608 vya sekunde saba na nusu kila kimoja, jumla zaidi ya mimeto 10,000. Harry Bateman akawatengenezea upande wa hisabati, ambao unaangukia kwenye kanuni iliyokwisha kutolewa na Mfaransa Siméon Denis Poisson katika karne iliyotangulia. Hesabu ilisema vipindi visivyo na mmeto hata mmoja viwe 54, walipata 57. Vyenye mmeto mmoja viwe 210, walipata 203. Vyenye mitatu viwe 525, na walipata 525. Ukilisoma jedwali lao leo, unaona kwamba kutokujua chembe ijayo itatoka lini hakuwazuii hata kidogo kujua umati wa chembe utafanya nini.

Laplace angejibu kwamba ndani ya atomu kuna mitambo tusiyoiona, tukiijua tutatabiri. Wanafizikia wengi walingoja mitambo hiyo ionekane. Badala yake, kiangazi cha 1926, Max Born wa Göttingen aliandika makala fupi kuhusu elektroni inayogonga atomu, akasema nadharia mpya haituambii itakwenda wapi, inatuambia uwezekano tu. Naye alikosea mara ya kwanza: katika maandishi aliutoa uwezekano moja kwa moja kutoka ukubwa wa wimbi, kisha wakati wa kusahihisha chapa akaongeza tanbihi kwamba lazima ukubwa huo uzidishwe kwa wenyewe. Tanbihi hiyo ndiyo iliyobeba fizikia ya karne nzima, na Born akapewa Nobeli mwaka 1954, miaka 28 baadaye. Albert Einstein hakukubali. Desemba 1926 alimwandikia Born kwamba hadhani Mungu anacheza dadu. Mwaka 1964 John Bell, mzaliwa wa Belfast, alionyesha namna ya kuamua ugomvi huo kwa vipimo badala ya falsafa. John Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger wakavipima, na Nobeli yao ya 2022 ilikuwa kwa kazi hiyo. Matokeo yamemwendea kinyume Einstein: mitambo iliyofichwa, ya aina aliyoitamani, haimo.

Kwa hiyo kufikia katikati ya karne ya 20 wanafizikia walikuwa wamejigawia dunia. Ndani ya atomu kuna nasibu, tena ya kweli. Nje ya hapo, kwenye pendulamu, mito, mawingu na sayari, Newton anatawala na kila kitu kinatabirika, mradi upate mashine kubwa ya kutosha. Poincaré alikuwa amewaambia vingine, lakini nani asome kurasa 270 za mekanika ya mbinguni?

Mashine zenyewe zilipokuja, hali ya hewa ilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo. Lewis Fry Richardson alikuwa ameshajaribu bila mashine. Akiwa dereva wa gari la wagonjwa Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza, alikokotoa kwa mkono utabiri wa saa sita tu kwa siku iliyokwishapita, Mei 20, 1910. Hesabu ikamwambia mgandamizo wa hewa katika Ulaya ya kati ungebadilika kwa milibari 145, jambo ambalo halijawahi kutokea popote. Siku ile hewa ilikuwa shwari. Maandishi ya kitabu chake yalipotea vitani, yakapatikana baada ya miezi chini ya lundo la makaa huko Ubelgiji, naye akayachapisha 1922, kosa likiwemo. Kompyuta ya kwanza kufanya utabiri wa maana ilikuwa ENIAC, mwaka 1950: utabiri wa saa 24 uliochukua karibu saa 24.

Edward Lorenz hakuwa na mashine kubwa hivyo. Alizaliwa 1917 huko West Hartford, Connecticut, akasoma hisabati, na Vita vya Pili vikamgeuza mtabiri wa hali ya hewa wa jeshi la anga. Alikuwa mpole, asiye na maneno mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akifundisha MIT, na ofisini kwake palikuwa na Royal McBee LGP-30, kompyuta ya ukubwa wa meza, yenye kelele, inayochemka kwa vali zake. Ndani yake alitengeneza angahewa ya kubuni yenye milinganyo 12. Haikuwa na mvua wala milima, ila upepo wake ulivuma, ukageuka, ukatulia, na haukurudia mtindo uleule. Hicho ndicho alichotaka. Kulikuwa na wataalamu waliodai kwamba takwimu za hali ya hewa ya zamani zinatosha kutabiri ya kesho, na Lorenz alitafuta hewa isiyojirudia ili awapime nayo.

Kila dakika mashine ilimaliza siku moja na kuchapa mstari wa tarakimu. Siku moja ya baridi mwaka 1961 alitaka kuichunguza sehemu fulani kwa undani. Kurudi mwanzo kungemla muda, basi akaisimamisha mashine, akachukua mstari mmoja uliokwisha kuchapwa, akaziingiza tarakimu zake, akaiwasha, na kuteremka kwenda kunywa kahawa. Alikaa saa moja hivi. Huko ofisini miezi miwili ya hali ya hewa ilipita.

Aliporudi alikuta hali ya hewa nyingine. Sheria zilezile, mwanzo uleule, mwisho tofauti kabisa. Kwanza alishuku vali imechoka. Zilichoka mara kwa mara. Lakini kabla ya kumwita fundi aliziweka karatasi mbili sambamba akatafuta pale zilipoachana. Mwanzoni zilikubaliana. Kisha tarakimu ya mwisho ikapishana kwa moja, halafu iliyo kabla yake, na tofauti ikawa inajizidisha maradufu karibu kila siku nne za kubuni, hadi mwezi wa pili hakukuwa na mfanano wowote. Hapo akaelewa. Mashine iliweka tarakimu sita kichwani, lakini ilichapa tatu ili kuokoa nafasi. Palipokuwa na 0.506127 yeye alikuwa ameingiza 0.506.

Ni tofauti ya sehemu moja katika elfu nne. Hakuna kituo cha hali ya hewa duniani kinachopima upepo kwa usahihi wa namna hiyo. Ikiwa angahewa halisi inafanana na ile ya kubuni, Lorenz alijiambia, basi utabiri wa siku nyingi mbele hauwezekani, na ukubwa wa mashine hautausaidia.

Wengine wangeandika makala na kutulia. Yeye alitaka mfano mdogo kiasi kwamba hakuna atakayesema fujo inatokana na wingi wa milinganyo. Mwaka huohuo Barry Saltzman alimwonyesha milinganyo saba ya hewa iliyo kati ya sakafu ya moto na dari ya baridi: ya chini inapata joto, inapanda, inapoa, inashuka. Lorenz aliona minne kati yake inajifia yenyewe. Akabaki na mitatu. Programu iliandikwa na kuendeshwa na Ellen Fetter, aliyepokea kazi hiyo kutoka kwa Margaret Hamilton, mwanamke ambaye baadaye aliongoza uandishi wa programu za vyombo vya Apollo vilivyokwenda Mwezini. Fetter aliifuata njia ya tarakimu hizo tatu nukta kwa nukta. Ilizunguka upande mmoja mara kadhaa, ikahamia wa pili, ikarudi, bila mpangilio wowote wa mara ngapi, na umbo lililojichora lilikuwa na mabawa mawili.

Njia hiyo haitoki nje ya umbo lake kamwe, na haipiti mahali palepale mara mbili. Anayejua kusukuma chapati za tabaka atalielewa haraka. Donge linasukumwa, linakunjwa, linasukumwa tena. Punje mbili za chumvi zilizokuwa zimegusana zinajikuta ncha mbili za chapati, na bado donge halijatoka kwenye kibao. Kusukuma ndiko kunakotenganisha, kukunja ndiko kunakozuia lisienee hadi ukutani. Vurugu ina vyote viwili, na ya pili husahaulika: dunia yenye vurugu haiendi popote tu.

Makala ilitoka Machi 1963 katika jarida la wataalamu wa angahewa, ikimshukuru Fetter kwa kazi ya hesabu. Wanahisabati hawakuwa wakisoma jarida hilo. Miaka kumi ikapita karibu kimya. Kyoto nako, Novemba 1961, mwanafunzi Yoshisuke Ueda alikuwa ameona umbo la namna hiyohiyo kwenye kompyuta yake ya mikondo ya umeme, na ikachukua miaka mingi kabla halijakubaliwa kuwa jambo la maana. Jina la vurugu lilikuja mwaka 1975, kwenye kichwa cha makala ya Tien-Yien Li na James Yorke. Kipepeo alitangulia kidogo. Lorenz mwenyewe, akieleza namna jambo dogo linavyozaa kubwa, alikuwa akimtumia shakwe. Mwaka 1972 alialikwa kuzungumza Washington, akachelewa kupeleka kichwa cha hotuba, na mratibu, Philip Merilees, akamtungia: je, kipepeo akipiga bawa Brazil anaweza kuzusha kimbunga Texas? Lilikuwa swali. Katika hotuba yenyewe Lorenz alionya kwamba kama kipepeo anaweza kukizusha kimbunga, anaweza vilevile kukizuia. Magazeti hayakuisikia sehemu hiyo, na hadi leo kipepeo huyo anasingiziwa kuwa sababu ya kila kitu.

Kuna makala yake ya 1969 isiyojulikana sana ambayo kwangu inatisha zaidi ya kipepeo. Mtu anaweza kusema: tupunguze kosa la vipimo kwa nusu, tutajipatia siku kadhaa, tupunguze tena, siku nyingine. Lorenz alionyesha kwamba katika hewa, ambamo tufani kubwa zimebeba mikondo midogo na midogo imebeba midogo zaidi, makosa madogo hukua upesi kuliko makubwa. Kila upunguzaji unakununulia muda mfupi kuliko ule wa kwanza. Siku hizo zikijumlishwa zote, hata ukipunguza milele, hufiki mbali. Ukomo huo kwa hali ya hewa ya kila siku unakadiriwa kuwa wiki mbili hivi.

Na lile swali la Mfalme Oscar? Jibu lilipatikana Paris mwaka 1989, miaka mia moja baada ya tuzo. Jacques Laskar alionyesha kwa kompyuta kwamba mienendo ya sayari za ndani ni ya vurugu, na kosa lolote huongezeka mara kumi kila miaka milioni kumi. Kosea mita 15 kuhusu mahali Dunia ilipo leo, na baada ya miaka milioni mia moja hujui iko upande gani wa Jua. Mwaka 2009 yeye na Mickaël Gastineau waliendesha mifumo 2,501 ya Jua, kila mmoja ukitofautiana na unaoufuata kwa milimita 0.38 tu katika umbali wa Zebaki, wakaisogeza mbele miaka bilioni tano. Katika takriban asilimia moja, njia ya Zebaki ilinyooshwa vibaya mno. Katika michache ikaligonga Jua au Zuhura, na katika mmoja hata Dunia haikusalimika. Mfumo wa Jua, basi, una utulivu wa asilimia 99. Poincaré angeridhika, nadhani, Laplace, sijui.

Laskar hakutoa jibu moja, alitoa majibu 2,501 na kuyahesabu. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wameshaingia njia hiyo. Desemba 1992 kituo cha Ulaya cha utabiri, Reading, Uingereza, kilianza kuendesha utabiri mwingi kwa siku moja, kila mmoja ukianza na hewa iliyoguswa kidogo kwa makusudi. Tabiri hizo zikienda pamoja, mtabiri ana uhakika. Zikitawanyika, anasema asilimia. Hesabu za Manchester na karatasi mbili za Lorenz zimekutana hapo: nasibu inatumika kupima vurugu.

Kwa watu wa pwani na maziwa ya Afrika Mashariki jambo hili lina upande mwingine, kwa sababu wanachouliza zaidi si mvua ya Alhamisi bali msimu. Mwaka uleule wa kahawa ya Lorenz, 1961, Tanganyika ikijiandaa kupata uhuru, vuli ilinyesha kupita kiasi. Mafuriko yakaenea Kenya na Somalia, na Ziwa Viktoria likaanza kupanda. Kufikia 1964 lilikuwa juu kwa zaidi ya mita mbili. Ikiwa wiki mbili ndiyo ukomo, nani angeweza kuona msimu kama huo ukija?

Mwaka 1981 Jule Charney na Jagadish Shukla, mzaliwa wa kijiji cha Uttar Pradesh nchini India, walitoa hoja iliyoonekana kinyume na Lorenz lakini haikumpinga. Hewa husahau haraka, bahari haisahau. Maji ya moto yakikaa mahali fulani miezi mitatu, huipindisha hewa ya juu yake upande mmoja siku baada ya siku. Dhoruba mojamoja hazitabiriki, ila jumla yao hutabirika, hasa nchi za tropiki. Mwaka 1999 watafiti waliokuwa Japani, wakiongozwa na N. H. Saji, walieleza namna Bahari ya Hindi yenyewe hupata joto upande wa Afrika na kupoa upande wa Sumatra, kisha mvua ikafuata joto. Katika kumbukumbu zao mwaka 1961 unaonekana wazi, tena hapakuwa na El Niño. Mwaka 1997 ulikuwa na vyote viwili, na waliokuwa na umri wa kuelewa mambo wakati huo wanaikumbuka mvua ile bila kukumbushwa. Mwaka 2019 bahari ilifanya hivyo tena.

Tangu 1998 wataalamu wa ukanda huu wamekuwa wakikutana kabla ya msimu kuandaa mwelekeo wa pamoja, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza yake kwa lugha ambayo msikilizaji wa redio ameizoea: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Nyuma ya kila neno kuna asilimia. Vuli imekubali kutabirika kwa kiasi, kwa kuwa imefungwa na bahari. Masika ni kaidi. Kamba inayoiunganisha na joto la bahari ni nyembamba, mwezi Machi haufanani na Mei, na mwaka wenye dalili nzuri unaweza kukausha mahindi shambani. Ndiyo maana mwelekeo wa masika, hata ukitolewa na kompyuta kubwa kuliko zote, hutoka na asilimia zinazokaribiana, na mkulima anayelalamika kwamba haujamwambia kitu mara nyingi ameusoma sawasawa.